Maumivu ya Mgongo Yasiyoisha Yapimwe



Mfupa uko hai. Kila siku kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na seli zinazojenga upya, na kazi hizo mbili huenda sambamba.

Katika saratani ya damu iitwayo mayeloma, seli za kinga huzaana ovyo ndani ya uboho. Hutoa kemikali zinazozichochea zile zinazobomoa na kuzizuia zile zinazojenga. Mfupa hutoboka, na uti wa mgongo waweza kuvunjika hata bila kuanguka. Kalsiamu yake huingia kwenye damu, ikaleta kiu na kufunga choo, na kudhuru figo.

Wengi wetu husema ni uzee, au ni mizigo ya bandarini, tukazidi kumeza diklofenaki. Dawa hiyo huweza kuziumiza zaidi figo hizo.

Maumivu ya mgongo au mbavu yakiendelea kwa wiki kadhaa, hasa pamoja na uchovu na upungufu wa damu, nenda hospitali iliyo karibu, kama ya Likoni au Port Reitz. Mweleze daktari yote, uulize kuhusu vipimo vya damu, mkojo na picha ya mifupa. Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo cha saratani. Ukigunduliwa mapema, dawa huweza kuikinga mifupa iliyobaki.