MANENO YA KATIBU: KARATASI ZA KWENDA UARABUNI



Wapagazi wa zamani, babu zetu, walipatana kwanza ujira na posho, ndipo wakajitwika pembe kutoka Tabora kwenda Bagamoyo. Sasa sisi mbona tunawaacha mabinti waende Oman bila mapatano?

Dalali akileta viza ya matembezi, hiyo siyo ya kazi, jamani. Tunataka mkataba wenye jina la mwajiri na mshahara, umepitishwa na Serikali, nakala ibaki kwa wazazi.

Pasipoti huombwa Uhamiaji. Hii ya kielektroniki ilipoanza 2018 ada yake ilikuwa Sh. 150,000, siyo laki nne tulizotozwa hapa kijijini.

Asiyejua kusoma asiweke dole gumba. Aje nayo darasani jioni, tumsomee.