Mafuta Yanukayo Kama Msonobari: Namna ya Kuyajua na Kuyatunza

Maneno ya moniteri wa kilimo kwa watu wa Musienene



Leo sikuja kusema habari za viazi, wala za kupanda majani ya kushika udongo miteremkoni. Nimeleta chupa hii ndogo. Nitaifungua, nanyi mtasikia harufu yake kwa mbali, mmoja baada ya mmoja. Lakini mtu asiitie mdomoni, wala asichovye kidole. Na wewe usomaye maneno haya nyumbani, huna chupa mbele yako. Basi vunja jani bichi la mkaratusi, ulisugue kati ya vidole, au kwaruza kidogo ganda la msonobari. Utapata harufu iliyo karibu na hii.

Mama mmoja amesema: ni dawa ya kuoshea sakafu. Mzee aliye karibu naye amesema: ni ubani wa kanisani. Kijana amesema: ni terebentini ya fundi wa rangi. Mimi nasema wote watatu wamejibu vema, maana katika vitu hivyo vyote mna kitu kimoja au ndugu zake. Jina lake ni pineni. Jina hilo limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya msonobari.

Msonobari hautengenezi pineni kwa ajili yetu. Huitengeneza kwa kujilinda. Ganda likikatwa, utomvu hutoka, hunasa mdudu anayetaka kuingia, kisha hukauka na kuziba jeraha. Huko Tanzania, katika mashamba makubwa ya misonobari ya Sao Hill, wilaya ya Mufindi, watu hukwaruza maganda na kukinga utomvu huo. Utomvu ukipikwa katika chombo kilichofungwa, mvuke hupanda, na mvuke ukipozwa hugeuka kuwa terebentini. Kibakicho chini ni kolofani, kitu kigumu chenye kung'aa, rangi yake kama asali; hicho hutiwa katika gundi, na katika kazi ya kutengeneza karatasi. Kilo 100 za utomvu hutoa kilo 70 hivi za kolofani, na terebentini kilo 15 hata 20. Na katika terebentini sehemu kubwa kabisa ni pineni.

Lakini si msonobari peke yake. Mikaratusi yetu inayo, aina nyingine kidogo, aina nyingine nyingi. Ubani utokao Somalia unayo nyingi. Pilipili manga inayo, na kungumanga, na majani ya rozmari. Kwa hiyo kila mmoja wenu amekwisha kuila, ingawa hakujua.

Hapo ndipo watu hukosea. Mtu husema: kama imo katika pilipili manga, na kama viwanda huitia katika peremende, basi ni chakula, na kijiko kimoja kitanitoa kikohozi. Sivyo. Ni kweli viwanda huitia katika peremende, vinywaji na keki, na serikali ya Marekani imeiruhusu kuwa kiungo cha kuleta harufu katika chakula. Lakini pima kipimo chao. Katika kilo elfu moja za chakula hutia makumi ya grama tu, mara mojamoja kupita hapo kidogo. Fikiri magunia kumi ya unga, kila gunia kilo mia, na katika yote hayo umetia vijiko vichache tu, ukachanganya sana. Hiyo ndiyo pineni ya chakula. Iliyomo katika chupa hii ni pineni yenyewe, bila unga, bila maji, na kijiko kimoja cha hii chaweza kumlaza mtoto hospitalini, hata kumwua.

Najua neno hili kwa sababu lilifika nyumbani mwangu, na kosa lilikuwa langu. Nilipata terebentini ya kuzimulia rangi ya milango. Sikuwa na chombo, nikaimimina katika chupa ya bia, nikaisimamisha nyuma ya mlango. Ni nyeupe kama maji. Mpwa wangu, mtoto wa miaka mitatu, alirudi kutoka shambani na kiu. Alikunywa funda moja, labda mawili. Nyanya yake, ndiye mama yangu, alifanya kama watu wote walivyofundishwa na wazee: alimpa mafuta ya mawese, akamtia kidole kooni ili atapike. Mtoto alitapika. Kisha alianza kukohoa, na kikohozi hakikukoma. Tulimbeba mgongoni mpaka kwa waganga. Alilala kule siku nne, akivuta pumzi kama mbio. Alipona. Mama yangu hakunilaumu kwa neno lolote. Alichukua chupa ile akaivunja juu ya jiwe, mbele yangu.

Mganga alinieleza hivi, nami nawaeleza. Mafuta haya ni mepesi kuliko maji, hutiririka upesi, hutambaa juu ya kila kitu yanachokigusa. Yakimezwa, tumbo huumia, kichwa huzunguka, mtu huweza kupigwa na degedege. Lakini hatari kubwa si tumboni. Mtu akitapika, mafuta hupanda tena kooni, na matone machache hupotea njia na kuingia mapafuni. Tone likiingia mapafuni huunguza mle ndani. Ndiyo maana mtoto wetu alikohoa baada ya kutapika zaidi ya alipokunywa. Basi mtu akinywa terebentini, au mafuta ya karatusi, au petroli ya taa, msimtapishe. Msimpe maziwa wala mawese. Mfuteni mdomo, mwacheni aketi wima, mwende naye hospitalini Musienene mara moja, na chupa aliyoinywea muichukue pamoja naye, ili mganga aione na kuinusa. Hata kama mtoto acheka na kucheza, nendeni. Ugonjwa wa mapafu waweza kukawia saa kadhaa kabla haujaonekana.

Ikiruka machoni, mwageni maji safi juu ya jicho dakika kumi na tano bila kuchoka. Ikimwagika mwilini, vueni nguo iliyolowa, mwoshe kwa maji na sabuni. Ngozi ikigeuka nyekundu, si ajabu. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui: mafuta mapya huunguza kidogo, lakini mafuta ya zamani, yaliyokaa katika chupa nusu wazi, huunguza zaidi. Hewa huingia, hula pineni polepole, na kitu kipya huzaliwa mle ndani, kitu kinachofanya ngozi ya mtu ichukie mafuta hayo maisha yake yote. Fundi aliyeshikwa na upele wa namna hii hata akigusa tone moja, mikono hupasuka tena. Kwa hiyo nunueni kidogo, tumieni yaishe, chupa ijae karibu na kifuniko, ifungwe sana, ikae gizani mahali penye baridi. Chupa iwe ya kioo cheusi au ya bati. Msiweke katika bidoni la plastiki laini wala msizibe kwa mpira. Pineni hulainisha mpira mpaka uwe kama ugali.

Sasa nasema na ninyi wa machimboni. Tangu zamani milima hii na machimbo ni kama ndugu wawili. Butembo yenyewe ilikua kutoka kambi ya kampuni ya dhahabu, Minière des Grands Lacs, na mama zetu wakabeba maharagi na viazi kwenda kulisha kambi. Hata leo mtu huenda Manguredjipa na mfuko wa maharagi, hurudi na chupa au bidoni ambalo hajui lilikuwa na nini. Wengine hurudi na terebentini, wakaitumia kuondoa grisi katika mashine za kuvuta maji, na kusafisha taa. Kazi hiyo inaifanya vema. Lakini sikilizeni tabia yake.

Pineni huchemka katika joto la digrii 155 hivi, basi mtu hudhani haiwezi kushika moto upesi kama esansi. Kumbe ikifika digrii 32 au 33 tu, mvuke wake watosha kuwaka ukiguswa na mwali. Digrii 33 si kitu: ni bati lililoachwa juani saa saba ya mchana, ni chupa iliyowekwa karibu na jiko. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara nne. Moshi wa moto hupanda. Mvuke huu hushuka. Ukisafisha mashine juu ya mdomo wa shimo, mvuke hutelemka shimoni kama maji yasiyoonekana, hulala chini pale walipo ndugu zako, na wao wana taa. Basi kazi ya kusafisha ifanywe mbali na shimo, upande wa chini wa mteremko, mahali penye upepo, wala asiwepo mtu avutaye sigara. Mtu aliye shimoni akisikia harufu ya msonobari, apande juu kwanza, kisha aulize.

Ikiwaka, msimwage maji. Mafuta haya huelea, na maji huyabeba yakiwaka mpaka mahali pengine. Tupieni mchanga au udongo. Matambara yaliyolowa rangi ya mafuta na terebentini msiyarundike pembeni mwa nyumba. Rundo hilo hupata joto lenyewe ndani kwa ndani, na usiku laweza kuwaka bila mtu kulitia moto. Yatandazeni nje yakauke moja moja, au yawekeni katika bati lenye maji na kifuniko.

Wala mabaki msiyamwage mtoni. Pineni ni sumu kwa samaki. Mtu wa juu akiosha brashi yake katika kijito, bwawa la jirani wa chini hupata hasara, na kesi huja kwa mzee wa kijiji bila ushahidi wowote.

Vijana wengine wameniuliza kama twaweza kukamua mafuta ya karatusi hapa kwetu, maana miti ni mingi na majani huachwa shambani wakati wa kukata mbao na kuni. Yawezekana. Njia yake ni pipa safi lenye kifuniko. Chini hutiwa maji. Juu ya maji huwekwa wavu wa chuma. Juu ya wavu hushindiliwa majani. Maji yakichemka, mvuke hupita katika majani na kubeba mafuta, huingia katika bomba linalopita ndani ya maji baridi, na mwisho wa bomba hutoka maji na mafuta pamoja. Mafuta huelea juu, huchotwa. Msishangae kwamba mafuta yanayochemka kwa digrii 155 huja na mvuke usiofika hata 100, maana hapa mlimani maji yetu huchemka mapema. Vitu viwili visivyochanganyika vikichemshwa pamoja, husaidiana kupanda. Kutoka kilo 100 za majani mabichi msitazamie zaidi ya kilo moja ya mafuta, na mara nyingi itakuwa pungufu. Katika mafuta hayo kitu kikubwa mara nyingi si pineni, ni ndugu yake aitwaye sineoli, ndiye afanyaye pua ifunguke. Lakini katika aina nyingine za mkaratusi pineni ndiyo iliyo nyingi, na mnunuzi atauliza ni mti gani.

Mimi nisingeanza bila kupata mnunuzi kwanza. Kuni ni ghali kuliko watu wanavyofikiri. Lakini anayeanza ashike haya: pipa lisiwe lililobeba dawa ya wadudu, bomba lisizibwe kamwe, maana pipa lililozibwa hupasuka kama bomu, na chombo cha kupokea mafuta kikae mbali na moto wa jiko, hatua kumi na zaidi.

Kuhusu mafua: mtu mzima mwenye mafua huweza kuvuta mvuke wa majani ya karatusi katika sufuria iliyokwisha kuondolewa motoni. Watoto wadogo msiwafunike na blanketi juu ya sufuria, wameungua wengi. Na mafuta yaliyokamuliwa msiwapake puani wala kifuani, hata tone. Mtoto mchanga huweza kushindwa kupumua.

Siku ya soko nitaketi karibu na njia ya kwenda hospitalini, nikiwa na gundi, karatasi na wino mwekundu. Mwenye chupa nyumbani ambayo haina jina, na hajui ndani mna nini, ailete. Tutainusa kwa mbali, tutaiandika jina na kuchora alama ya fuvu kwa ajili ya wasiojua kusoma. Na iliyo ya bia au ya soda tutaibadilisha. Chupa tupu za dawa zenye kioo cheusi ninazo kumi na mbili.