Hofu na Hatari Katika Safari ya Ndege



Zamani safari ya ndege ilikuwa jambo la watu wachache. Siku hizi mtu aweza kunywa chai ya asubuhi Nairobi na kula chakula cha mchana Mombasa, wala jirani zake wasione ajabu. Vijana huenda kusoma Ulaya, wengine huenda kufanya kazi Uarabuni, na wazazi hutumiwa tikiti ili wakawaone. Hata hivyo watu wengi hupanda ndege huku moyo ukiwadunda, na wakiisha kushuka huwa na hadithi ndefu za mambo yaliyowaogofya. Mazungumzo haya yahusu mambo hayo, na shabaha yake ni moja tu, yaani kuonyesha ya kuwa hofu na hatari si kitu kimoja. Yako mambo angani yatishayo sana ambayo hayana dhara, na yako mengine yasiyotisha hata kidogo ambayo yaweza kumwua mtu.

Chukueni mfano wa mzee mmoja, mkulima wa kahawa wa Murang'a, ambaye hajapata kupanda ndege maisha yake yote. Mwanawe afanyaye kazi Mombasa amemtumia tikiti. Mzee ameketi karibu na dirisha, na kando yake ameketi kijana nadhifu aliyekwisha kusafiri mara nyingi, naye ametia visikilizio vya muziki masikioni. Mhudumu anaposimama katikati ya ndege kuonyesha jinsi ya kufunga mkanda, mahali ilipo milango, na jinsi ya kuvaa jaketi la kuokoa maisha, Mzee akodoa macho asipitwe na neno lolote. Kijana amtazama, acheka kidogo, kisha afumba macho yake.

Ndege yaruka. Mara kishindo chasikika chini ya sakafu, na Mzee ashika kiti kwa mikono miwili. Walakini kishindo hicho ni cha magurudumu, ambayo hukunjwa na kufungiwa tumboni mwa ndege yasije yakazuia mwendo. Baada ya kitambo kidogo ngurumo ya injini yapungua ghafula, na Mzee adhani zimezimika. Sivyo. Injini hutumia nguvu nyingi sana wakati wa kuruka. Ndege ikiisha kupata mwendo wa kutosha na kupanda juu kidogo, rubani huzipunguza nguvu, kama vile dereva wa lori apunguzavyo moto wa gari akiisha kumaliza mlima.

Wanapopita juu ya nyika ya Tsavo, ndege yaanza kutikisika. Hii ndiyo sehemu iwatishayo watu kuliko zote. Jua likichoma ardhi kavu, hewa iliyo karibu na ardhi hupata moto na kupanda juu, na hewa baridi hushuka mahali pake. Ndege ipitayo katika hewa hiyo hupanda na kushuka kama mtumbwi juu ya mawimbi. Milima na mawingu makubwa ya mvua huleta msukosuko wa namna hiyo hiyo. Mzee akitazama bawa kupitia dirishani aliona likipinda na kurudi, asifikiri ya kuwa linavunjika. Bawa limeundwa lipinde, kwani kitu kikavu kisichopinda ndicho kivunjikacho upesi.

Kadhalika kuna maumivu ya masikio. Katika ndege zirukazo juu sana, hewa hushindiliwa chumbani ili watu wapate kupumua, nayo huwa kama hewa ya mahali palipo juu ya bahari kwa futi baina ya 6,000 na 8,000. Watu wa Limuru huishi siku zote katika hewa ya namna hiyo. Ndege ishukapo kuelekea pwani, hewa ya chumbani huzidi kuwa nzito na kuisukuma ngozi ya ndani ya sikio. Dawa yake ni kumeza mate, kupiga miayo au kutafuna kitu. Mama mwenye mtoto mchanga yafaa amnyonyeshe wakati huo, kwani kunyonya humfanya mtoto ameze, na kumeza hufungua masikio yake. Mtu mwenye mafua makali afadhali amwulize daktari kabla ya kusafiri.

Hayo yote ni mambo yatishayo bila kudhuru. Sasa yafaa kuyatazama yale mengine.

Mnamo tarehe 21 Mei, 2024, ndege ya Singapore Airlines ilikuwa ikitoka London kwenda Singapore, nayo ilichukua abiria 211 na wafanya kazi 18. Safari ilikuwa shwari, na abiria walikuwa wakipewa chakula. Ilipofika juu ya nchi ya Myanmar iliingia ghafula katika msukosuko mkubwa. Wachunguzi waliosoma vyombo vya ndege hiyo waliona ya kuwa marubani waliwasha taa ya kuamuru mikanda ifungwe, na baada ya sekunde 8 tu pigo kali likaja. Ndege ilishuka futi 178 katika muda usiotimia sekunde 5. Watu waliokuwa hawakufunga mikanda walirushwa juu, kisha wakaangushwa chini kwa nguvu. Abiria mmoja alifariki na makumi ya wengine walijeruhiwa. Ndege yenyewe haikuvunjika, bali ilikwenda kutua salama Bangkok.

Fikirini juu ya sekunde hizo 8. Mtu aliyelala hawezi kuamka, kutafuta mkanda wake na kuufunga katika muda huo. Na mtu aliye msalani hawezi kurudi kitini pake. Tena chombo cha rubani kionacho mvua iliyo mbele hakiwezi kuona msukosuko ulio katika hewa isiyo na wingu. Kwa hiyo mkanda haufungwi kwa sababu ndege inatikisika. Hufungwa wakati wa utulivu, maana hapana ajuaye utulivu utakwisha saa ngapi. Hapo ndipo hatari ilipo, nayo haimtishi mtu yeyote.

Habari ya pili ni ya huzuni, nayo yawahusu sana watu wa Afrika ya Mashariki. Mnamo tarehe 23 Novemba, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ndani yake walikuwamo watu 175. Kabla haijafika, wanaume watatu waliingia kwa nguvu katika chumba cha marubani wakaamuru wapelekwe Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaeleza ya kuwa mafuta hayatoshi kwa safari ndefu kama hiyo, wala hawakumsadiki. Mwishowe mafuta yakaisha na injini zote mbili zikazimika karibu na kisiwa cha Ngazija katika Visiwa vya Komoro. Rubani hakuweza kufika uwanja wa ndege, kwa kuwa watu wale walikuwa wakipigana naye hata dakika za mwisho, ikambidi aishushe ndege baharini. Bawa moja liligusa maji kwanza, na ndege ikapasuka vipande vipande mbele ya macho ya watu waliokuwa pwani.

Wenyeji wa kisiwa na wageni waliokuwa wakipumzika katika hoteli ya hapo walikimbilia mashua zao wakaenda kuokoa. Watu 50 walipona na 125 walikufa. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Bwana Mohamed Amin wa Nairobi, yule mpiga picha mashuhuri ambaye picha zake za mwaka 1984 ziliujulisha ulimwengu habari za njaa ya Ethiopia.

Wengine katika watu hao waliuawa na kishindo chenyewe, wala hapana namna ambayo wangaliweza kujisaidia. Lakini wako waliopona kishindo kisha wakafa majini, na sababu yake ni jambo dogo mno. Walikuwa wamejaza hewa katika majaketi yao wangali ndani ya ndege. Jaketi lililojaa hewa humwinua mtu juu. Maji yanapoingia chumbani, humbeba mtu huyo mpaka darini na kumshikilia pale pale. Mlango ukiwa umekwisha kufunikwa na maji, hawezi kupiga mbizi ili apite. Kitu kilichowekwa kimwokoe ndicho kimfungacho. Hii ndiyo maana wahudumu husema katika kila safari ya kupita juu ya bahari kwamba jaketi livaliwe ndani, bali lijazwe hewa mtu akiwa mlangoni anatoka. Maneno hayo huchukua sekunde chache kuyasema, na watu wengi huyasikia kama wimbo waliouzoea.

Habari ya tatu yaonyesha upande wa pili. Tarehe 2 Januari, 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines yenye watu 379 ilipokuwa ikitua iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani. Watu watano wa ile ndege ndogo walikufa. Ile kubwa ilishika moto, chumba kikajaa moshi, na vipaza sauti vya ndani vikakosa kufanya kazi. Katika milango 8, ni 3 tu iliyofaa kutumiwa. Hata hivyo watu wote 379 walitoka wakiwa hai, na baadaye ndege ikateketea yote. Abiria walikaa wakangoja amri, wakafuata sauti za wahudumu, wakaiacha mizigo yao. Hapana shaka waliogopa sana, na watoto walisikika wakilia. Walakini hofu haikuwazuia kusikia.

Katika habari hizi tatu yatoka mashauri machache, nayo ni rahisi kuyashika.

Kwanza, fungeni mkanda wakati wote mketipo, hata kama taa imezimwa.

Pili, mkiisha kuketi, hesabuni safu za viti kutoka mahali penu mpaka mlango ulio karibu, mbele na nyuma. Moshi ukijaa macho hayaoni, lakini mkono waweza kupapasa na kuhesabu.

Tatu, hewa ikipungua na vifuniko vya kupumulia vikianguka kutoka juu, kila mtu avae chake kwanza, kisha amvike mtoto. Mama wengi huona jambo hili kuwa ni ukatili. Lakini katika futi 35,000 akili ya mtu asiye na hewa hupotea katika muda wa nusu dakika hata dakika moja, na mama aliyezimia hawezi kumsaidia mwanawe.

Nne, jaketi lisijazwe hewa ndani ya ndege.

Tano, ikiamriwa kutoka, mzigo uachwe. Mfuko mmoja katika njia nyembamba waweza kuwazuia watu ishirini walio nyuma.

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Katika ndege maneno hayo ni kweli tupu. Turudi basi kwa yule mzee wa Murang'a na kijana jirani yake. Mzee alishtuka kwa magurudumu, akashtuka kwa injini, akashtuka juu ya Tsavo, na kila aliposhtuka kijana alimcheka. Lakini kama ajali ingalitokea siku ile, ni yupi katika hao wawili aliyejua la kufanya? Kijana alikuwa na uzoefu mwingi wa safari ambazo hazikupatwa na jambo lolote, akadhani uzoefu huo ni elimu. Mzee alikuwa na hofu, na hofu yake ilimfundisha kusikiliza.

Si aibu kuogopa katika ndege. Mwanadamu hakuumbwa na mabawa, na moyo wake una haki ya kustaajabu akijiona juu ya mawingu. Aibu ni kuacha hofu izibe masikio, au kuacha kiburi kiyazibe.

Ndege ikatua Mombasa salama. Mwana alikuwa akingoja nje, akampokea baba yake mfuko, akamwuliza, "Baba, je, uliogopa?"

"Niliogopa, mwanangu," Mzee akajibu. "Lakini tangu kitini pangu mpaka mlangoni palikuwa na safu sita."