Kujenga Nyumbani kwa Mshahara Mdogo

Najua saa hizi wengine mnapiga pasi nguo za kazi na wengine chai iko jikoni. Endeleeni na kazi zenu, ila msiizime redio. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo karibu kila mtu wa Eastlands analo moyoni hata kama halisemi, nalo ni kujenga nyumbani.

Mtu anaweza kukaa Maringo miaka 30 katika chumba kimoja, akalipa kodi kila mwezi, akazaa na kusomesha, na bado ukimwuliza kwao ni wapi atakutajia kijiji. Akistaafu atakwenda wapi? Akifa atazikwa wapi? Na watu wakija mazishini watalala wapi, na watasema nini? Hilo swali la mwisho, la watu kusema, ndilo linalotumaliza.

Wahubiri wengi wakitaja habari za kujenga hukimbilia Luka 14, penye yule mtu wa mnara anayeambiwa ahesabu gharama kwanza asije akachekwa. Ni fundisho jema. Lakini liko jingine ambalo nalisikia mara chache, nalo liko katika Mithali 24, mstari wa 27. Kwa maneno yangu mwenyewe, mwenye hekima anasema tushughulike na kazi ya nje kwanza, shamba likae sawa, na nyumba ije nyuma yake. Tazama utaratibu huo, ndugu yangu. Sisi tumeupindua. Tunaanza na mawe.

Nyumba hizo umeziona. Vyumba vinne, madirisha ya vyuma, mabati ya rangi. Mlangoni kuna kufuli, na ufunguo uko Nairobi. Mlango unafunguliwa Desemba, unafungwa Januari. Hatua chache kutoka hapo mama mzazi analala katika nyumba yake ya zamani inayovuja, na kila asubuhi anateremka mtoni na mtungi. Lile paa kubwa halina hata gata moja ya kukinga maji! Mvua yote inamwagika ukutani na kuchimba msingi. Mimi siwacheki wenye nyumba hizo. Walijinyima, wengine wakala mara moja kwa siku, ili zisimame. Ndiyo maana inauma.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Wenye watoto shuleni waiteni wasaidie. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa, ni lita moja ya maji. Chukua nyumba ndogo ya mita 6 kwa 9. Paa lake ni mita za mraba 54. Mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, na hiyo si mvua nyingi, paa hilo linapokea lita 32,400. Ondoa sehemu ya tano inayorukia pembeni na kupotea, unabaki na karibu lita 26,000, yaani mitungi 1,300 ya lita 20. Ikiwa mtoni ni nusu saa kwenda na kurudi, hizo ni saa 650 juu ya mgongo wa mama yako, au wa mke wako.

Kweli, huwezi kuyaweka maji yote, maana tangi ni ghali. Lakini tangi moja la lita 5,000 ni mitungi 250. Nyumba inayotumia mitungi 4 kwa siku itavuka miezi miwili ya jua bila kwenda mtoni. Maji ya mvua ya kwanza yaacheni yapite, yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege.

Wenzetu wa Dandora wanalifahamu jambo hili kuliko mimi. Mtaa ule ulipoanzishwa katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja karibu 6,000 vilipimwa, na mwenye kiwanja hakukabidhiwa nyumba iliyokamilika. Alipewa maji, bomba la maji machafu, choo na mahali pa kuogea. Vyumba alijenga mwenyewe, kwa kadiri alivyopata. Wengi walijenga kimoja, wakapangisha, na kodi yake ikainua cha pili. Choo na maji vilitangulia. Mbona mtu yule yule akienda nyumbani anaanza na sebule?

Nenda na mimi sasa hadi Machakos, kwa basi, si mbali. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona nchi ya Wakamba kuwa nchi inayokufa: makorongo, udongo mwekundu umechukuliwa na maji, mifugo imekonda. Watu walilazimishwa kuchimba matuta, nao wakayachukia, na ni haki yao. Lakini baadaye walichagua wenyewe aina moja ya tuta ambayo leo inajulikana ulimwenguni kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na juu ya ukingo unapanda majani ya ng'ombe. Maji yanasimama badala ya kukimbia. Vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wao walikuwa akina mama, ndivyo vilivyoshika majembe.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya habari hiyo. Waliona kwamba tangu miaka ile ya 1930 watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno yameongezeka. Fedha za matuta, majembe ya ng'ombe na miche zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka katika mishahara ya watu waliofanya kazi nje ya wilaya, wengi wao hapa Nairobi. Ni makarani, madereva, vibarua na askari wa usiku, watu waliolala katika vyumba kama hivi vyetu. Mshahara mdogo uliokwenda ardhini uliigeuza nchi nzima.

Basi mtu mwenye fedha kidogo aanzie wapi? Aanze na mpaka. Kaeni na ndugu zako wakati mzee angali hai, mkubaliane ni sehemu ipi yako, na iandikwe. Maneno ya baraza hufa na wazee. Kisha choo, na maji kama nilivyosema. Kisha miti, kwa kuwa mti haungoji mshahara. Ukiuchelewesha miaka mitano umepoteza miaka mitano. Mparachichi uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne hivi. Ua wa kayaba ni wa kupanda tu, na ukitunzwa hata ng'ombe hapenyi. Kuku wa kienyeji hawahitaji benki.

Nyumba yenyewe ianze na vyumba viwili, kuta za udongo uliokandwa vizuri, na paa zuri linalotokeza nje ili kuta zisilowe. Fedha ziende kwenye paa. Ukuta unaweza kubadilishwa kuwa wa mawe baada ya miaka kumi chini ya bati lile lile, mradi nguzo ni imara. (Matofali ya kuchoma ni mazuri, lakini uliza kwanza kuni zitatoka wapi. Nimeona vilima vilivyobaki vipara kwa ajili ya tanuri.)

Na jambo moja kwa akina baba hasa. Zamani fedha zilikwenda kwa posta au kwa dereva wa basi, zikakaa siku nyingi njiani. Tangu mwaka 2007 tuna M-Pesa, na zinafika kabla hujarudisha simu mfukoni. Ni baraka. Lakini wengine wameigeuza simu kuwa fimbo. Mke yuko shambani, anajua maji hupita wapi na udongo gani hushika mahindi, na wewe uko Jogoo Road katika msongamano wa magari unamwamuru mti upandwe wapi! Mwachie yeye aamue. Huyo ndiye msimamizi wa kazi.

Wako pia msio na kijiji. Wenzetu wa Majengo, Pumwani, kwao ni hapo hapo tangu miaka ya 1920, wala hilo si aibu. Wengine mnanunua viwanja vya futi 50 kwa 100 njia ya Kangundo, huko Joska na Malaa. Kiwanja hicho ni kama sehemu ya nane ya ekari, kinatosha choo, tangi, vyumba viwili na miti michache. Fanyeni sachi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi. Na kama ni ardhi ya kilimo, kibali cha bodi ya ardhi kinatakiwa, nacho huombwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Bila hicho, mauzo hayana nguvu. Muuzaji anayekuambia bodi ni kupoteza wakati, mwachie kiwanja chake.

Kwa upande wa Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi kuliko zile za Machi. Mashimo ya miche yawe tayari kufikia Septemba, udongo wa juu ukitengwa upande wake na kuchanganywa na samadi. Ukienda nyumbani mwezi wa Agosti, chukua kamba na pima maji ya fundi. Vijiti viwili utakata huko huko. Lakini kabla hujapigilia kijiti cha kwanza, mwombe mama akuonyeshe maji hupita wapi mvua kubwa inaponyesha.