KUWATAZAMA NDEGE WA UFUONI
Hotuba kwa wakulima, wavuvi na wanafunzi wa Kombewa



Hapana mtu wa Kombewa asiyemjua yangeyange. Kila asubuhi ng'ombe wafunguliwapo zizini, ndege hawa weupe huja wakawafuata nyuma hata malishoni. Wajaluo humwita okok, na mtoto mchungaji humzoea tangu siku ya kwanza aliyokabidhiwa fimbo. Lakini kumwona ndege ni jambo moja, na kumtazama ni jambo jingine. Mtu aweza kukaa na yangeyange miaka hamsini, asijue anakula nini, wala analala wapi.

Tuchukue mfano mmoja. Watu wengi husema kwamba yangeyange hufuata ng'ombe ili ale kupe. Mtu atakaye kujua ukweli, na akae chini ya mti muda wa saa moja, akamwangalie ndege mmoja tu. Ataona kwamba mara nyingi ndege huyo haitazami ngozi ya ng'ombe, bali huyatazama majani yaliyo mbele ya kwato. Ng'ombe apigapo hatua, panzi huruka, na mara yangeyange humdaka. Kupe humla mara chache tu. Chakula chake hasa ni panzi, nzi, viwavi na vyura. Ng'ombe kwake ni kama mtumishi amfukuziaye mawindo, naye hushiba kwa hatua chache kuliko angaliwinda peke yake. Ndiyo sababu hufuata pia jembe la kukokotwa na hata trekta. Basi mkulima amwonapo shambani siku ya kupanda asidhani kwamba amekuja kuiba mbegu. Yangeyange hali nafaka. Amekuja kuwala wadudu ambao wangekula mazao.

Tena si kila ndege mweupe ni yangeyange wa ng'ombe. Ufuoni wapo wanne wanaofanana, na mwenye macho ataweza kuwatofautisha bila darubini. Yule wa ng'ombe ni mfupi, mwenye mdomo wa manjano, na wakati wa kuzaa huota manyoya ya rangi ya kahawia hafifu kichwani, kifuani na mgongoni. Wa pili ni mwembamba, ana mdomo mweusi na miguu myeusi, lakini vidole vyake ni vya manjano, kana kwamba amevaa soksi; huyu hupenda kuzunguka penye nyavu na kuokota omena walioanguka. Wa tatu ni mkubwa kuliko wote, na shingo yake ndefu ina pindo kama kiwiko cha mkono. Wa nne ni wa kadiri, na mdomo wake ni wa manjano. Mtu akitatizwa kati ya hawa wawili wa mwisho, na autazame mstari wa kinywa: katika yule mkubwa hupita nyuma ya jicho, katika yule wa kadiri huishia chini ya jicho.

Iko pia kanuni moja ya kumsaidia anayejifunza. Ndege hawa weupe na jamaa zao warukapo safari, huikunja shingo hata kichwa kikakaa karibu ya mabega. Makorongo wengi na kwarara huinyosha shingo mbele. Kwa kanuni hii, hata ndege aliye mbali sana angani aweza kutambuliwa jamaa yake.

Jamaa hao wana desturi za kustaajabisha. Yupo mmoja mweusi mwenye vidole vya manjano, ambaye akifika penye maji haba huyafunua mabawa yake na kuyakutanisha mbele mfano wa mwavuli, kisha huingiza kichwa chini ya kivuli hicho na kuvua samaki. Yupo mwingine mdogo, ambaye akiwa amesimama ni wa rangi ya kahawia kama majani makavu, lakini akiruka huwa mweupe ghafula, kwa maana mabawa yake yote ni meupe. Na yule mrefu wa kijivu mwenye kichwa cheusi, asimamaye peke yake katika shamba kavu, hawindi samaki huko; huwinda panya, mijusi na panzi. Mwenye ghala la mahindi hana haja ya kumfukuza.

Katika mafunjo wamo wengine ambao hawaishi penginepo. Mmoja ni mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, na utosi wake ni wa manjano. Huyu akikosa mafunjo hana makao. Kwa ajili yake na wenzake, vinamasi vya Dunga, Kusa, Koguta, Sio Port na Yala vilitiwa katika orodha ya mahali 60 pa Kenya penye maana kubwa kwa ndege, iliyotolewa mwaka 1999. Mafunjo yaweza kukatwa kwa mikeka, nayo huchipua tena. Lakini yakichomwa yote na kulimwa, ndege huyu hutoweka.

Labda mtu atauliza, Kuna faida gani kuandika habari za ndege? Na asikie habari hii. Mwishoni mwa karne ya 19, mabibi wa Ulaya na Marekani walipenda sana kofia zilizopambwa kwa manyoya ya yangeyange. Manyoya hayo huota wakati wa kuzaa tu, hivyo wawindaji waliwaua wazazi penye viota, na makinda wakafa kwa njaa. Bei yake, uzito kwa uzito, ilipita ya dhahabu. Waliolipinga jambo hilo hawakuwa wakuu wa nchi. Huko Uingereza mwaka 1889 wanawake wachache walianzisha chama cha kuwatetea ndege, na baada ya miaka 32 ya kusema na kuandika, mwaka 1921, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia manyoya hayo yasiingizwe nchini.

Habari ya pili ni ya karibu zaidi. Miaka ya 2009 na 2010 ilielezwa mambo yaliyotendeka katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, karibu na mto Nzoia. Watu walitia sumu ya wadudu iitwayo kabofurani ndani ya konokono, wakaviweka vyambo hivyo mashambani. Yule korongo mweusi ambaye mdomo wake una mwanya katikati alikuja kula konokono kama ilivyo desturi yake, akaanguka. Nyama yake ikauzwa na kuliwa. Sumu hiyo hushambulia mishipa ya fahamu, na haichagui kati ya ndege na mtu. Mambo hayo yalijulikana kwa sababu alikuwapo mtu aliyekwenda, akatazama, akahesabu, akaandika. Bila daftari yangalibaki kuwa uvumi wa sokoni.

Basi kazi yenyewe si ngumu. Inatosha daftari na kalamu. Mtu aandike tarehe, saa, mahali, aina ya ndege na idadi, na lile alilowaona wakifanya. Asiyoyajua asiyabuni, aandike rangi ya mdomo na ya miguu, jina litapatikana baadaye. Wakati mwema wa kuhesabu ni jioni, jua likielekea kuchwa, ndege wanaporudi kulala katika miti ya pwani na upande wa kisiwa cha Ndere. Wahesabiwe kumi kumi, na mahali pawe pale pale kila mara, ili idadi ya mwaka huu iweze kulinganishwa na ya mwaka ujao. Hesabu ya ndege wa maji ya mataifa yote, iliyoanza mwaka 1967, hufanywa hasa katika mwezi wa Januari. Shule ikichagua mwezi huo huo, kazi yake italingana na ya wengine. Penye viota pasikaribiwe, maana mzazi akiruka kwa hofu, jua na kunguru huwamaliza makinda.

Na mtoto akikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja bila jeraha, asiwaguse kwa mkono mtupu, wala mtu ye yote asiwapike. Mzee wa mtaa na aambiwe siku ile ile, kisha iandikwe ni mahali gani, ni ndege wangapi, na ni wa aina gani.

Kesho asubuhi ng'ombe watafunguliwa tena, na yangeyange watakuja. Mchungaji aliye na daftari na aanze na hao.