Sahani ya Mwenzako si Kipimo Chako

Ramadhan hii wengi tunataka kupunguza uzito, basi tunaigana: "Fulani anakula kalori 1,500, nami hizo hizo." La, ndugu yangu! Mwili hutumia nguvu hata ukilala. Kwa hesabu ya Mifflin ya mwaka 1990, kijana wa kiume wa miaka 25, kilo 75, sentimita 175, hutumia kama kalori 1,720 akipumzika tu. Dada wa miaka 30, kilo 60, sentimita 160, kama 1,290. Kwa 1,500 kijana atakonda. Dada anayeshinda dukani huenda asipungue. Na anayeshinda na jembe shambani, au mama anayenyonyesha, huhitaji zaidi. Basi tusichekane kwenye futari. Muulize daktari kipimo chako, usijidhulumu. Wabillahi tawfiq.