Mji wa Tübingen na Msafiri Aendaye Peke Yake



Wako watu wa Kitui na Makueni ambao siku hizi huenda Ulaya kwa masomo, kwa mikutano, au kuwatembelea watoto wao. Wengi hushukia London au Frankfurt, na warudipo husimulia viwanja vya ndege na maghorofa. Lakini aliyeona maghorofa hajaiona Ulaya, kama vile aliyepita Mtito Andei usiku ndani ya basi hajaiona Makueni. Uko mji mmoja mdogo katika nchi ya Ujerumani ambao Mkamba ana sababu ya kuuzuru kuliko wageni walio wengi, hata kama hana mwenzi wala mwenyeji. Huko ndiko Injili ya Marko kwa lugha ya Kikamba ilikopigwa chapa mwaka 1850, karibu nusu karne kabla ya reli kufika Ukambani.

Mji huo waitwa Tübingen. Uko kando ya mto Neckar, mwendo wa saa moja hivi kwa gari la moshi kutoka mji mkubwa wa Stuttgart, na wakazi wake ni kama 90,000. Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka 1477, zaidi ya miaka mia moja kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Vita vilivyokwisha mwaka 1945 viliteketeza miji mingi ya Ujerumani, bali Tübingen haukupata madhara makubwa, na kwa hiyo nyumba zake za kale zingali zimesimama. Mifupa ya nyumba hizo ni magogo ya miti. Nafasi zilizo katikati zimejazwa, kisha zikapakwa chokaa. Mtu aliyekulia katika nyumba ya miti na udongo atafahamu mara moja fundi alifanya nini, ingawa nyumba yenyewe ina orofa nne.

Katikati ya mji pana uwanja wa soko, na jumba la baraza lililojengwa mwaka 1435. Juu ya ukuta wake ipo saa iliyotengenezwa mwaka 1511, ambayo haionyeshi saa za mchana na usiku tu, bali pia mwendo wa mwezi na nyota. Karibu yake ni kanisa kubwa la Mtakatifu George, ambamo wamezikwa watawala wa kale wa nchi ya Württemberg. Njia ni nyembamba, zimetandikwa mawe, nazo hupanda na kushuka. Viatu vya kupendeza havifai kitu hapo.

Sasa, juu ya msafiri aliye peke yake. Jambo litakalomwumiza kwanza si baridi. Atapita katikati ya watu mia wala asisalimiwe na hata mmoja, naye ametoka mahali ambapo kumpita mzee bila salamu ni utovu wa adabu. Asidhani kwamba amechukiwa. Wenyeji nao hupitana vivyo hivyo wasipojuana. Lakini aingiapo dukani au katika chumba cha kungojea daktari, huamkiwa, na yeye yampasa aamkie. Akipotea na asimame kimya, atasimama mpaka usiku, akiuliza, ataelekezwa. Tena akumbuke kwamba saa za magari ya moshi huhesabiwa hadi ishirini na nne, kuanzia usiku wa manane, na gari halimngojei mtu. Siku ya Jumapili maduka karibu yote hufungwa kwa amri ya sheria. Asiyenunua chakula Jumamosi atakula hotelini kwa bei ya hotelini. Na njiani asivuke barabara taa nyekundu ikiwaka, hata kama hapana gari, maana atakemewa na mama mwenye mtoto.

Yuko mtu aliyefanya safari ya namna hii kinyume chake, kutoka Tübingen kuja Kitui, naye ndiye anayeifungamanisha miji hii miwili. Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, akasoma shule mjini humo. Mwaka 1844 alifika Mombasa kama mmisionari, na katika mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga wakafa. Mnamo Novemba 1849 akaondoka Rabai na wapagazi, akapita Taita na nchi ya Kikumbulyu, ambayo leo imo katika Makueni, mpaka akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyi biashara mkuu wa pembe za ndovu. Kivoi alimpa mahali pa kulala, akamweleza habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe juu yake. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yaliondoka, na Krapf akauona kwa macho yake mlima Kenya pamoja na vilele vyake viwili. Mabingwa wengine wa jiografia huko Uingereza walikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Kivoi hakuhitaji kusadikishwa.

Mwaka uliofuata Krapf alirudi kwao, na kazi yake ikapigwa chapa Tübingen: hiyo Injili ya Marko, kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kitabu cha maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwamo. Maneno hayo yalikuwa yametoka vinywani mwa watu waliokaa naye na kumsahihisha. Wapanga herufi wa Tübingen waliyapanga bila kujua hata moja.

Mwaka 1851 akaja tena Ukambani, na safari hii nusura imwue. Mnamo Agosti alifuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi wakawashambulia njiani, Kivoi akauawa, na wengine wakatawanyika. Krapf akabaki peke yake nyikani, bila chakula. Kiu ilipomzidi alishika njia ya mtoni, akanywa, kisha akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akarudi kwa usiku akijificha mchana. Alipofika kwa watu, baadhi ya jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo chake, na ilimbidi atoroke. Mwenyeji aliyekuwa ngao yake alikuwa hayupo tena. Hata hivyo Wakamba wengine walimpa chakula, na mwezi wa Septemba akafika Rabai akiwa hai.

Mkamba aendaye Tübingen leo haendi katika hatari kama hiyo. Ana viza katika pasipoti, ana simu yenye ramani, na hospitali ipo. Lakini apande mpaka ngome iliyo juu ya kilima, ambayo sasa ni jumba la makumbusho la Chuo Kikuu. Katika jiko la kale la ngome hiyo, mwaka 1869, Friedrich Miescher aligundua ndani ya chembe za usaha kitu ambacho leo chaitwa DNA. Na katika vyumba vya juu vimewekwa vinyago vidogo kutoka pango la Vogelherd: farasi, na ndovu wa kale mwenye manyoya. Vilichongwa kwa pembe za ndovu hao miaka ipatayo 40,000 iliyopita. Farasi mzima aweza kukaa katika kiganja cha mkono. Mtu wa Ukambani, nchi ya wachongaji na ya biashara ya pembe, asikivukie kioo hicho kwa haraka.

Akiwa na nafasi, ashuke mtoni aone jinsi wanafunzi wanavyoendesha mitumbwi mirefu kwa pondo, sawasawa na watu wa pwani. Kisha atembee mpaka Derendingen. Ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu, na tangu mwaka 1934 kijiji hicho ni sehemu ya mji. Wala asishangae akisikia mtu akimwamkia kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu mwaka 2014 Tübingen una udugu na mji wa Moshi, na wako watu wa huko waliokwisha kufika Kilimanjaro na kurudi.